Kibali cha Kushitaki: Jeshi, Raia na Sheria ya Mamlaka Maalumu nchini India



Katiba ya India ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1950, na wengi wa walioitunga walikuwa wameijua jela kwa kukaa ndani yake. Jawaharlal Nehru peke yake alifungwa na Waingereza kwa jumla ya miaka tisa hivi. Haishangazi, basi, kwamba ibara ya 22 inaagiza kila anayekamatwa aelezwe sababu ya kukamatwa kwake, aonane na wakili amtakaye, na afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 24. Ibara ya 21 inakataza mtu kunyang'anywa uhai au uhuru wake nje ya utaratibu wa sheria, na ibara ya 32 inamruhusu raia kwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu kudai haki hizo. Ni maneno mazuri, na mahakama za nchi hiyo mara nyingi zimeyatetea kwa ujasiri. Hata hivyo, chini ya katiba hiyohiyo, kwa zaidi ya miaka 60 katika majimbo ya kaskazini-mashariki, na tangu 1990 huko Kashmir, raia wametolewa majumbani mwao usiku na wanajeshi, wakahojiwa kambini, na baadhi yao wakarudishwa wakiwa maiti au wasirudishwe kabisa. Kashmir wako wanawake wanaoitwa wajane nusu, kwa kuwa waume zao walichukuliwa na hakuna mwenye mamlaka aliyewahi kuwaambia kama wako hai au wamekufa. Swali ninalotaka kulijibu leo ni hili: mambo hayo mawili yamewezaje kuishi nyumba moja kwa muda mrefu hivyo? Wengi hujibu kwamba kila jeshi lina askari wachache waovu. Jibu hilo halinitoshelezi. Nitajaribu kuonesha kwamba kiini cha tatizo ni kifungu kimoja cha sheria, kifungu kinachoiachia serikali iliyomtuma askari iamue yenyewe kama askari huyo atafika mahakamani.

Sheria yenye kifungu hicho ina ukoo wake. Mwezi Agosti 1942 Gandhi na chama cha Congress waliwataka Waingereza waondoke India mara moja. Tarehe 15 Agosti mwaka huo Gavana Mkuu, Linlithgow, alitoa amri iliyowapa maofisa wa jeshi mamlaka maalumu ya kukamata na kuua ili kuuzima mwamko huo. Miaka mitano baadaye, tarehe ileile, India ikawa huru. Mwaka 1958 serikali ya India huru, Nehru akiwa Waziri Mkuu, ilikabiliwa na uasi wa Wanaga katika vilima vya kaskazini-mashariki. Ikaifufua amri ya mkoloni kwa jina la Sheria ya Mamlaka Maalumu ya Majeshi, inayofahamika kwa herufi zake za AFSPA. Ukizilinganisha hati hizi mbili unakutana na jambo la kuhuzunisha. Mkoloni alikuwa amempa mamlaka ya kuua ofisa wa cheo cha kepteni kwenda juu. Bunge la nchi huru liliyashusha mamlaka hayo hadi kwa askari wa vyeo vya chini kama koplo. Mbunge kutoka Manipur, Laishram Achaw Singh, aliupinga muswada huo bungeni, lakini ulipita baada ya mjadala mfupi. Mwaka 1983 sheria ya namna hiyo ikatungwa kwa ajili ya Punjab, na mwaka 1990 nyingine kwa ajili ya Jammu na Kashmir.

Utendaji wake si mgumu kueleza. Serikali hutangaza kwamba eneo fulani ni la machafuko. Kuanzia hapo, kifungu cha 4 kinamruhusu askari kufyatua risasi, hata kwa kuua, akiona ni lazima kwa utulivu wa umma na baada ya kutoa onyo kadiri anavyoona inafaa. Anaweza kufanya hivyo dhidi ya yeyote anayekiuka amri ya kutokusanyika watu watano au zaidi au ya kutobeba silaha. Anaweza pia kukamata na kupekua bila hati. Kifungu cha 5 kinamtaka amkabidhi mtu aliyekamatwa kituo cha polisi kilicho karibu bila kuchelewa kupita inavyobidi. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu iliombwa kuifuta sheria hii. Ilikataa, ikasema ni halali, lakini ikasisitiza kwamba ukomo wa saa 24 wa Katiba unawahusu wanajeshi pia, na ikazipa nguvu ya sheria kanuni za jeshi lenyewe kuhusu yanayoruhusiwa na yanayokatazwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo mahakama hiyohiyo ilikuwa imetoa masharti ya kukamata watu: hati ya kukamatwa isainiwe na shahidi, ndugu wa mhusika wajulishwe, daktari ampime.

Mtu anaweza kudhani kwamba masharti hayo yangetosha. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Julai 2004, askari wa kikosi cha Assam Rifles walimchukua mwanamke mmoja nyumbani kwao Manipur. Hati ya kumkamata waliiandika na kuitia saini, kama Mahakama ilivyoagiza, wakaiacha kwa familia. Asubuhi mwili wake ulikutwa umetobolewa kwa risasi. Siku nne baadaye wanawake 12 walivua nguo zao zote mbele ya lango la Kangla, ngome ya kale ya wafalme wa Manipur ambayo wakati huo ilikuwa makao ya kikosi hicho, wakiwaita wanajeshi waje wawabake. Katika jamii yenye heshima kubwa kwa mama, kitendo kile kiliitikisa nchi nzima. Serikali iliunda kamati chini ya jaji mstaafu B. P. Jeevan Reddy, nayo mwaka 2005 ikapendekeza sheria ifutwe. Haikufutwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliamuru familia ya marehemu ilipwe rupia milioni 1. Hakuna askari aliyetiwa hatiani. Tukio hili nalitaja kwa sababu linaonesha kwamba upungufu haukuwa wa masharti. Walioshika kalamu walijua kwamba saini zao hazingewapeleka popote.

Walijua hivyo kwa sababu ya kifungu cha 6, ambacho katika sheria ya Kashmir ni cha 7. Kinasema kwamba hakuna shitaka, madai wala hatua yoyote ya kisheria itakayochukuliwa dhidi ya mtu kwa jambo alilofanya, au analodai kulifanya, chini ya sheria hii, isipokuwa kwa kibali cha serikali kuu kilichotolewa kabla. Kifungu hakiweki muda wa kujibu ombi la kibali, wala hakisemi serikali ipime nini kabla ya kukubali au kukataa. Kisheria hiyo si kinga kamili, maana mlango umeachwa. Lakini ufunguo umepewa yule ambaye kesi ikifunguliwa itamuumbua.

Kesi ya Pathribal inaonesha matokeo yake wazi kuliko nyingine zote, na inafaa tuifuatilie hatua kwa hatua. Tarehe 20 Machi 2000, watu wenye silaha waliwaua Masingasinga zaidi ya 30 katika kijiji cha Chittisinghpura, Kashmir. Siku tano baadaye jeshi lilitangaza kwamba limewaua magaidi watano wa kigeni waliohusika na mauaji hayo, huko Pathribal. Maiti zilikuwa zimeungua. Familia za jirani, ambazo wanaume wao walikuwa wametoweka siku hizohizo, zilidai waliouawa ni wao. Makaburi yakafukuliwa, vipimo vya vinasaba vikachukuliwa, na katika duru ya kwanza ikagundulika kwamba sampuli zilikuwa zimechezewa. Vipimo vilivyorudiwa vilithibitisha kwamba waliouawa walikuwa wenyeji, raia wa kawaida. CBI, idara kuu ya upelelezi ya India yenyewe, ilifikia uamuzi kwamba yalikuwa mauaji ya kukusudia, na mwaka 2006 ikawafungulia mashitaka maofisa watano wa jeshi. Jeshi likasema: kibali kiko wapi? Mabishano hayo yalichukua miaka sita. Tarehe 1 Mei 2012 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama ya kiraia haiwezi kuendelea bila kibali, na ikalipa jeshi nafasi ya kuchagua kati ya mahakama ya kawaida na ya kijeshi. Jeshi lilichagua ya kwake, na Januari 2014 likatangaza kwamba halikuona ushahidi wa kutosha, faili limefungwa. Ushahidi uliokusanywa na wapelelezi wa serikali haukupata kupimwa na jaji yeyote huru hadharani.

Mtu atauliza kama Pathribal ni tukio la pekee. Mwanzoni mwa 2018 serikali ya India ililieleza Bunge kwamba kati ya mwaka 2001 na 2016 ilipokea kutoka Jammu na Kashmir maombi 50 ya kibali cha kuwashitaki wanajeshi. Ilikataa 47, na matatu yalikuwa bado hayajaamuliwa. Hakuna lililokubaliwa. Mwezi Juni mwaka huohuo ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti yake ya kwanza kuhusu Kashmir, ikaeleza kwamba katika miaka 28 ya sheria hiyo jimboni hakuna kibali hata kimoja kilichotolewa. Tukumbuke kwamba maombi 50 hayakuwa minong'ono ya sokoni. Ni mashauri ambayo polisi na serikali ya jimbo waliyachunguza na kuyaona yanastahili jaji. Ikiwa yote yalikuwa ya uongo, basi polisi wa India hawaaminiki. Ikiwa hata machache yalikuwa ya kweli, wauaji wamelindwa na wizara.

Hali imekuwa hivyo hata pale ambapo serikali ilikiri kosa. Jioni ya tarehe 4 Desemba 2021, makomandoo waliowavizia waasi katika wilaya ya Mon, Nagaland, walilimiminia risasi gari dogo lililowabeba wachimbaji wa makaa ya mawe wakirudi nyumbani kijijini Oting. Sita walikufa. Wanakijiji waliokwenda kuwatafuta ndugu zao wakakuta maiti. Vurugu zikazuka, wengine saba wakauawa pamoja na askari mmoja, na kesho yake raia mwingine akauawa mjini Mon. Waziri wa Mambo ya Ndani, Amit Shah, aliliambia Bunge kwamba watu hao walifananishwa na waasi na kwamba gari liliamriwa kusimama likakimbia. Walionusurika walikana kuamriwa kusimama. Bunge la Nagaland lilidai kwa kauli moja sheria ifutwe. Juni 2022 polisi wa jimbo waliwasilisha mashitaka dhidi ya wanajeshi 30. Mwaka 2023 serikali kuu ilikataa kibali, na Septemba 2024 Mahakama ya Juu ikalifunga shauri kwa sababu hiyo tu.

Hoja ya kwanza ya wanaoitetea sheria ni kwamba uasi ni wa kweli, na hilo halina ubishi. Wanajeshi wa India wameuawa kwa mabomu na mashambulizi ya kushtukiza. Raia pia wameuawa na waasi. Tarehe 21 Desemba 2023, wanajeshi wanne waliuawa katika shambulio la kuvizia huko Poonch, Kashmir. Lakini tuangalie yaliyofuata. Jeshi liliwakusanya raia wa vijiji vya karibu kwa mahojiano, na watatu wakafa mikononi mwake; picha za video za watu wakiteswa zikasambaa. Serikali ilitangaza fidia na ajira kwa familia, na Waziri wa Ulinzi akafika kuzifariji. Je, vifo vile vilimpata yeyote aliyewaua wanajeshi wanne? Hatari inayomkabili askari inaweza kuhalalisha apigane, ajilinde, aweke vizuizi barabarani. Haihalalishi kumtesa mtu aliyekwisha kufungwa mikono, maana mtu huyo si hatari tena kwa yeyote. Mimi sidai askari anyang'anywe silaha. Nadai tu kwamba baada ya risasi awepo mtu asiye wa jeshi wa kuuliza zilimpata nani na kwa nini.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: bila kibali, waasi na wafuasi wao watawazulia askari kesi mpaka jeshi lishindwe kufanya kazi. Mwaka 2018 zaidi ya wanajeshi 300 walikwenda Mahakama ya Juu na malalamiko ya namna hiyo, na mahakama ikayatupa. Woga wao naweza kuuelewa. Lakini uzushi una dawa yake katika sheria za kawaida: jaji hufuta kesi isiyo na ushahidi katika hatua za mwanzo, na anayetoa ushahidi wa uongo huadhibiwa. Kama mtu anataka mchujo wa ziada kwa ajili ya askari, uwe mikononi mwa jaji, uwe na muda maalumu, na sababu za kukataa ziandikwe. Pathribal haikuwa kesi ya kuzuliwa na waasi. Aliyeshitaki alikuwa CBI. Oting walioshitaki ni polisi. Tena Mahakama ya Juu iliunda mwaka 2013 tume ya jaji mstaafu Santosh Hegde kuchunguza matukio sita tu ya Manipur yaliyodaiwa kuwa mapigano na waasi. Tume ilikuta kwamba hakuna hata moja lililokuwa pigano la kweli, na mmoja wa waliouawa alikuwa mvulana wa miaka 12. Hapo hofu ya uzushi inageuka upande: waliozusha walikuwa wenye bunduki.

Wengine husema jeshi hujisafisha lenyewe. Mfano wao ni Machil, ambako mwaka 2010 wanakijiji watatu walidanganywa kwa ahadi ya kazi, wakapelekwa mpakani, wakauawa na kutangazwa kuwa wavamizi. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu wahusika kifungo cha maisha, kisha mwaka 2017 Baraza la Rufaa la Majeshi likasimamisha adhabu na kuwapa dhamana. Mwaka 2020, huko Amshipora, vibarua watatu kutoka Rajouri waliuawa kwa mtindo huohuo. Kepteni mmoja alihukumiwa mwaka 2023, na mwaka huohuo adhabu ikasimamishwa. Natambua kwamba mahakama hizo ziliwahukumu. Ni zaidi ya kilichofanywa Pathribal. Ila kesi ya kijeshi huendeshwa kambini, mbali na familia za marehemu, na huanza pale tu jeshi linapotaka ianze. Haki ya namna hiyo hutegemea kelele za magazeti kuliko ushahidi.

Yapo maendeleo, na si haki kuyaficha. Sheria iliondolewa Tripura mwaka 2015 na Meghalaya mwaka 2018, na Aprili 2022, baada ya Oting, ikapunguziwa maeneo Nagaland, Assam na Manipur. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama ya Juu, katika shauri lililodai mauaji 1,528 yaliyofanyika Manipur nje ya sheria, ilitamka kwamba hakuna askari mwenye kinga kamili, hata aliyeuawa akiwa mwasi. Hata hivyo mwanaharakati Irom Sharmila, aliyeanza kugoma kula kuipinga sheria hii Novemba 2000 baada ya raia 10 kuuawa Malom, Manipur, akafungwa mara kwa mara kwa kosa la kujaribu kujiua na kulishwa kwa mpira puani, alimaliza mgomo wake Agosti 2016 bila kuiona sheria ikifutwa. Na eneo likipunguzwa leo linaweza kurudishwa kesho kwa tangazo: Novemba 2024, machafuko ya Manipur yalipozidi, maeneo sita ya vituo vya polisi yalirejeshwa chini ya sheria hii.

Kuhusu kizuizi bila kesi, nitasema kwa ufupi, kwa sababu mantiki yake ni ileile. Ibara ya 22 yenyewe inaondoa ulinzi wa saa 24 kwa mtu anayewekwa kizuizini kuzuia uhalifu ambao bado hajautenda. Sheria ya Usalama wa Umma ya Jammu na Kashmir ya 1978 inaruhusu mtu akae hadi miaka miwili bila kushitakiwa, kwa saini ya ofisa wa utawala wa wilaya. Aliyeitunga, Sheikh Abdullah, alieleza kwamba ililenga wanaosafirisha mbao kwa magendo. Mwaka 2019, Kashmir ilipoondolewa hadhi yake maalumu, maelfu ya watu walikamatwa, na Septemba mwaka huo mwanawe Sheikh Abdullah, Farooq, mbunge mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, aliwekwa kizuizini kwa sheria ya baba yake hadi Machi 2020. Kama mtu wa hadhi hiyo alikaa miezi bila kesi, mchunga kondoo wa Kupwara ana tumaini gani?

Hatimaye kuna wanaosema haya ni mambo ya ndani ya India, sisi Waafrika Mashariki yanatuhusu nini. Tuna undugu nayo, kwa bahati mbaya. Waingereza walioacha amri ya 1942 Delhi ndio walioendesha kambi za kizuizi Kenya, ambako tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa Hola. Tanganyika huru ilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini mwaka 1962. Kenya huru ilijipa mamlaka ya namna hiyo mwaka 1966, na mwaka 1970 Bunge lake likatunga sheria ya kuzuia madai dhidi ya vyombo vya usalama kwa waliyotenda kaskazini na Lamu wakati wa vita vya mashifta. Tunaloliona India tunalijua kwa sura. Tena India yenyewe iliridhia mwaka 1979 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Aliyeridhia mkataba amewakaribisha wengine wamuulize.

Ninachokiomba si kikubwa. Kifungu cha kibali kifutwe, kinga ya watumishi wa umma katika sheria za jinai isitumike kwa mauaji, mateso na ubakaji, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, ambayo sheria yake ya 1993 inaiachia tu kuomba taarifa kutoka serikalini inapolalamikiwa jeshi, iruhusiwe kuchunguza yenyewe. Mkataba dhidi ya Mateso, ambao India iliutia saini mwaka 1997, uridhiwe. Mambo hayo yanahitaji Bunge na yatachukua muda. Moja halihitaji Bunge: Mahakama ya Juu ilipolifunga shauri la Oting ilisema kesi inaweza kuendelea siku kibali kitakapotolewa. Serikali ya India ikitoe.